Bata mgeni anachezea kichapo kwa mwenyeji mkorofi, tupeane uzoefu

Kidimbwi: Wakuu habari zenu. Nina dume la bata mkorofi balaa na majike wake wawili, sasa nimeongeza jike mwingine, yani dume anamshika shingoni anamburuza, na hao majike nao ambao siku zote ni wapole wanamfukuza kwenye maji. Mgeni kajibanza kona, hasogei hata kwenye chakula. Waliopitia hii waseme walifanyaje na ikawaje. Ile ya "waache watazoeana" nishaambiwa sana.

Mzee wa Banda: Mtoe mkorofi, usimtoe mgeni. Watu wengi wanamtoa anayepigwa, wanamtibu, wanamrudisha, anakuta mbabe bado yuko kwenye himaya yake basi kichapo kinaanza upya. Mie dume wangu nilimweka peke yake siku kadhaa asiwaone kabisa, huku nyuma mgeni akazoeana na majike, nikahamisha na vyombo vya chakula na maji visiwe pale alipopazoea. Aliporudi yeye ndo akawa mgeni. Alifukuza fukuza kidogo ila ule ubavu wa kuburuza mtu haukuwepo tena.

Dada Manyoya: Kabla ya yote, huyo mgeni alikaa karantini? Wiki 2 mpaka 4 mbali na wenzake, maana bata anaweza kuonekana mzima kumbe kabeba ugonjwa au chawa. Baada ya hapo mimi naweka wavu katikati ya banda, wanaonana, wanasikiana, wanakula kila mmoja upande wake ila vyombo navisogeza karibu na wavu. Mwanzoni mbabe atakuwa anadonoa wavu kutwa nzima. Siku ukikuta wamelala kila mtu upande wake wameegemea wavu ujue hasira zimeisha, fungua lakini ukiwepo, na sio siku unatoka safari. Na vyombo viwe viwili au zaidi na vikae mbalimbali, mbabe hawezi kulinda sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Jirani Mwema: Mbona mimi nawaingiza usiku tu, asubuhi wakiamka wanadhani walikuwa wote toka jana

Dada Manyoya: @Jirani Mwema hiyo ni ya kuku kaka. Kuku giza likiingia anakuwa kama gogo, bata usiku anatembea, anakula, na kupigana anapigana, tena wewe umelala humsikii.

Kiatamizi: Mkuu una uhakika huyo mgeni ni jike? Sikiliza sauti. Jike akilia mtaa mzima unajua, dume sauti yake kavu ya kukwaruza, na akikomaa anakuwa na unyoya uliojikunja juu ya mkia. Ila kama ni hawa wenye nyama nyekundu usoni huo unyoya usiutafute, hawana, hao angalia mwili, dume anamzidi jike karibu mara mbili na wote kelele zao ni ndogo, dume anazomea tu kama anavuta pumzi. Niliuziwa "jike" hivyo hivyo, nikahangaika na wavu weee, kumbe madume wawili wanagombea majike wachache. Hapo hakuna cha kuzoeana, mmoja aliondoka na amani ikarudi siku hiyo hiyo.

Mama Vifaranga: Kiatamizi kasema kweli, hesabu ndo kila kitu. Dume mmoja anatakiwa apate majike 3 mpaka 5, wakiwa wachache huyo mmoja anapandwa mpaka kisogo kinabaki upara. Na wakiwa kwenye maji marefu jike anaweza kuzamishwa akafa, sisemi kutisha watu, nimeiona. Kipindi hiki cha kuzoeana weka beseni fupi tu la kuchovya kichwa. Kingine, usilete mgeni mmoja, leta wawili, kipigo kinagawanyika na wanakuwa na wa kukimbilia.

Bwana Mbuga: Mimi nawaachia nje kwenye nafasi kubwa, namwaga majani huku na huku, kila mtu yuko bize. Banda dogo ndo linaleta ugomvi. Kufukuzana, kutikisa kichwa juu chini, kung'oa unyoya mmoja mmoja, hayo wanapangana tu nani mkubwa, usiingilie. Ukiona damu au mgeni hali, tenganisha hapo hapo.

Kidimbwi: Nimewasoma wote. Mgeni ni jike kweli, analia mpaka majirani wanachungulia. Vipi na jike mmoja kati ya wale wawili ameanza kukaa kwenye mayai?

Mama Vifaranga: Ahaaa ungesema mapema! Huyo anayeatamia hatanii, hata dume anamkimbiza. Mtenge na mayai yake, siku 28 hivi, au 35 kama ni wa uso mwekundu, na akitoka na vifaranga usivichanganye na wakubwa mpaka viote manyoya kamili. Alafu huyo dume, ulimlea mwenyewe mkononi toka kifaranga? Maana hao wakikua wanaona binadamu ndo mwenzao, wanashambulia mpaka miguu ya mwenye nyumba.