Mrejesho: msitu wetu mdogo wa Nyalenda, Kisumu

Habari zenu ndugu. Mwaka jana niliwauliza kama kupanda miche mitatu kwenye mita moja ya mraba si kuisonga. Mkanieleza njia ya Profesa Akira Miyawaki wa Japani: miti ya asili tu, mirefu kwa mifupi ichanganywe, ibanane ikimbilie mwanga. Asanteni sana, imekubali!

Tulipanda Aprili, miche 300 kwenye kiwanja cha mita 10 kwa 10: siala na ober (majina ya Kijaluo ya miti ya asili), mkuyu, mkwaju. Kazi ilikuwa udongo. Huu wetu mweusi hupasuka kiangazi hadi mguu unazama. Tulichimba nusu mita, tukachanganya samadi na maganda ya mpunga kutoka Ahero, kisha tukatandaza nyasi kavu.

Mbuzi waliingia wakala miche kama 30. Iliniuma, kwa sababu ua niliuahirisha mimi.

Siala sasa imenifika begani. Leo nimeinua nyasi kwa kidole: chini kuna unyevu, na minyoo, wiki ya tatu bila mvua! Palizi tutaendelea nayo miaka miwili au mitatu, kisha tuuache msitu ujitunze.

Mapengo tunajaza mvua za vuli. Mwenye miche ya mvule karibu na Kisumu, naomba aniambie.