Spindo za kujilainisha zenyewe: mafuta niguse au nisiguse?

Fundi wa Ringi: Wakuu, nipo zamu ya usiku, kiwanda cha nyuzi, Mwanza. Spindo za mashine, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozunguka kusokota uzi, tunaambiwa zinajilainisha zenyewe. Ya 14 kutoka mwisho inalia kama nzi chupani, uzi unakatika kila mara. Msimamizi kasema nisiguse.

Mzee Beringi: Kujilainisha si kutokula oili, mdogo wangu. Chini kuna kikombe cha oili. Spindo ikizunguka ndiyo inaipandisha kwenye beringi. Ing'oe, uchungulie. Oili ikiwa nyeusi kama kahawa ya mtaani, itoe yote, weka oili nyepesi ya spindo. Ya injini usithubutu, nzito mno, itachemsha.

Dada Karada: Na pamba iliyojisokota shingoni mwa spindo umeitoa?

Fundi wa Ringi: Nimeing'oa. Kikombe kikavu kabisa! Na uzi umejifunga pale chini, mweusi tii.