Tupeane uzoefu: mlivuka mpaka kwa gari na machalii, nani aliwakwamisha?

Wakuu, naanza mimi. Tulikuwa watano, tumetoka Arusha Ijumaa alfajiri, tunaenda kula wikendi Nairobi. Kabla ya saa mbili tuko Namanga. Pasipoti zote zipo, na tangu kile kituo cha pamoja kizinduliwe 2018 unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, kwa hiyo watu tulimaliza kwa dakika chache. Gari likagoma kupita. Lilikuwa la bro wangu, na kadi niliyokuwa nayo ni picha kwenye simu. "Mwenye gari yuko wapi?" Yuko Mbauda, kule kule Arusha, amelala. Ikabidi aamshwe, atafute wakili wa kumgongea barua ya kuniruhusu kuvuka nalo, kisha barua na kadi yenyewe azikabidhi kwa dereva wa Noah za Namanga. Tulikaa pale hadi saa saba mchana. Kina mama wa Kimasai walituuzia shanga mpaka machalii wote tukawa na bangili. Aliyekwamisha ni mimi, nakiri. Haya, leteni za kwenu.

#2
Hiyo ya kadi ya gari ni ugonjwa wa Chuga, yaani Arusha nzima.

#3
Sisi wa Moshi tulipitia Holili, tunaenda Mombasa. Mwenzetu mmoja kaja na kitambulisho cha NIDA tu, eti Afrika Mashariki ni moja. Wanaovukiana kwa vitambulisho ni Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Pasipoti, au angalau hati ya dharura, unaitafuta kabla ya kutoka nyumbani. Tukamwacha arudi Moshi na Hiace. Tumefika Taveta, tunataka kujaza mafuta, ndiyo tunakumbuka michango yote anayo yeye!

Ila barabara ile jamani, lami safi hadi Voi, unakatiza Tsavo Magharibi. Mmoja wetu ni mwalimu wa historia, akalazimisha tusimame Salaita, kile kilima ambapo wanajeshi wa Kiafrika Kusini walirudishwa na askari wa Mjerumani Februari 1916. Kwa ajili ya hilo somo giza likatukuta mbugani, na tembo wamesimama barabarani, wekundu kama udongo wenyewe. Tulizima injini tukanyamaza. Hata mwalimu alinyamaza.

#4
Kigali, kupitia Babati, Singida, Nzega, Kahama (tukalala hapo), halafu Rusumo. Ukishavuka daraja la Kagera unahamia kulia, na usukani wako nao uko kulia. Kuendesha si tabu, tabu ni kulipita lori kwenye kona za vilima vile. Huoni kitu. Macho yako ni yule aliyekaa mbele kushoto, yeye ndiye anasema "twende" au "bado". Wetu alilala. Nikamwuliza "pako wazi?" akaitika "eeh" ndotoni. Nilichungulia kidogo, basi hilo hapo! Nilirudi nyuma ya lori nikalifuata kama ndama mpaka Kayonza, na yule tulimhamishia kiti cha nyuma.

Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, wenzetu waliipiga marufuku tangu 2008. Na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, msije mkadhani mmechelewa.

#5
Mnasahau kadi ya njano.

#6
Ipi? Maana ziko mbili na ndizo zilizotuadhiri. Kuna ya chanjo ya homa ya manjano, na kuna ya COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ni bima ya gari ukiwa nje ya nchi. Askari mmoja huko ng'ambo alisema "kadi ya njano", chalii wetu kwa kujiamini kabisa akampa ya chanjo. Askari akaisoma yote, akauliza, "Kwa hiyo gari limechanjwa?" Ya gari tulikuwa nayo, ila iko chini ya mabegi yote ya nyuma, na alitusubiri tushushe moja moja huku anacheka.

Mwanzisha uzi
Nimecheka hadi nimeogopa. Mwezi ujao tunaenda Kigali na gari lile lile, na bro bado anadai pesa ya yule wakili.