Joto la usiku jamani, mwenzenu nina miaka 47

MamaWawili_Dar
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Siku zangu zimevurugika, mwezi huu nyingi mwezi ujao hazionekani, sasa kuna joto linanipanda toka kifuani mpaka usoni, jasho linanitiririka, dakika chache limeisha nabaki nasikia baridi. Usiku khanga inalowa chapa. Nimepima malaria hakuna ila duka la dawa wananiambia meza tu dozi 😩 na baba watoto anataka feni izimwe

Shangazi wa Tanga
Pole mwanangu, ndo ukubwa huo, hedhi inaelekea kukoma. Hayo madera ya kuteleza usilale nayo, vaa pamba. Oga kabla ya kulala, maji ya kunywa yawe karibu. Na angalia linakuja ukishakula nini, mie ilikuwa chai ya moto na pilipili, sasa chai naiacha ipoe kwanza. Mzee ajifunike shuka lake

nesi_mstaafu
Dozi ya malaria usimeze kama kipimo hakina kitu. Homoni ya estrojeni ikianza kuyumba na kushuka, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inashtuka kwa kitu kidogo, ndo jasho linamwagika. Lakini nenda wakupime na tezi ya shingo, na kama una kikohozi au unakonda pima TB pia maana nayo inatoa jasho usiku. Dawa za homoni zipo na ndo zinazosaidia zaidi, ila daktari akuulize historia kwanza, aliyewahi kuugua saratani ya titi au damu kuganda kwa kawaida hapewi, anatafutiwa zisizo za homoni. Ambaye hajatolewa kizazi anaongezewa na homoni nyingine, projesteroni, kulinda ukuta wa kizazi

Kibibi254
Mimi huku Mombasa nimeambiwa soya inamaliza kabisa, kweli?

nesi_mstaafu
Kumaliza hapana. Kuna wanaosema wamepata nafuu kidogo, uji wako wa soya kunywa tu, ila hao wanaouza unga kwenye makopo yasiyo na lebo hela yako kaa nayo. MamaWawili, mimba bado inaingia ujue, mpaka upitishe miezi 12 mfululizo bila hedhi

MamaWawili_Dar
Weee 😳 hiyo ya mimba sikuitegemea kabisa. Alhamisi naenda kliniki, asanteni

nesi_mstaafu
Nenda na tarehe za hedhi umeziandika. Na huko mbele, mwaka ukishapita bila kuona siku zako halafu damu ikatoka, hata tone, usikae nayo nyumbani