Nafufua baiskeli ya zamani iwe ya mke wangu, nianzie wapi?

Chuma_Mzee

Wakuu habari zenu. Nimepata Raleigh ya kike ya zamani, ile ambayo bomba la juu limeshuka chini ili mtu apandishe mguu kirahisi, fremu ya chuma, habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu) ni ya kampuni ya Sturmey-Archer, ya gia 3 zilizo ndani yake. Imekaa stoo miaka mingi sana hiyo, kila kitu kimeganda, ila stika bado zinasomeka na fremu kwa macho yangu haina tatizo. Nataka niifufue iwe ya wife. Saa hizi anaendesha yangu ya mlimani ambayo kwake ni kubwa, vidole vinamfa ganzi, mgongo unauma, na akitaka kusimama lazima aruke chini maana miguu haifiki. Sijamwambia kitu, nataka iwe sapraizi.

Nilipokwama: nguzo ya kiti haitoki, haizunguki, hata kutikisika hakuna. Halafu tairi, rimu ni za 26 nikajaribisha tairi ya 26 ya baiskeli yangu haiingii kabisa yani imepungua. Na hiyo habu ukizungusha pedali kuna wakati inashika kuna wakati zinazunguka hewani tu. La mwisho ni rangi, nipige mapema kabla ya yote au nisubiri? Nilikuwa nawaza nyekundu ya kung'aa.

Spana15

Mkuu hongera kwa fremu, ila rangi weka pembeni kwanza. Watu wengi wanaanza na rangi kwa sababu ndo inaonekana, halafu fremu inakuja kugundulika imepinda ishapendeza.

Kagua hivi. Pitisha kidole chini ya bomba la chini pale karibu linapokutana na bomba la usukani. Ukisikia mkunjo au rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, hiyo iligonga kitu kwa mbele. Halafu chukua uzi, funga pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani urudi upande wa pili ufunge hukohuko nyuma, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kushoto na kulia. Zikilingana endelea na kazi. Zikipishana kidogo chuma kinanyoosheka, ingekuwa alumini ningekwambia usiiguse.

Nguzo ya kiti: weka sumaku uone kama nayo ni chuma. Kama ni chuma ndani ya chuma ni kutu tu hiyo, legeza bolti ya kubana mpaka iwe huru, mwagia oili ya kupenya kwa juu, geuza fremu kichwa chini na umwagie tena kwa ndani kupitia kule kwenye kranki (ile mikono ya pedali), acha ilale, rudia. Usipige nyundo kwa hasira. Kisha bana ile nguzo kwenye jiliwa (kile chuma cha kubania kazi mezani) halafu zungusha FREMU, siyo nguzo, fremu nzima inakupa nguvu ambayo spana haiwezi kukupa. Ikisogea hata unywele mmoja umeshinda, ongeza oili nenda mbele nyuma mbele nyuma.

Ikiwa sumaku haishiki basi ni alumini ndani ya chuma, hapo ni shughuli nyingine, hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu zinalana na oili haisaidii sana. Na usiweke moto kwa sababu alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, utaikaza zaidi. Wengine wanatumia amonia kujaribu kulegeza ile kutu nyeupe, ila fanya nje penye hewa.

Pedali ya kushoto ina thredi za kinyume usije ukaivunja. Ukiweka spana kwa juu, zote mbili zinafunguka kwa kuvuta kuelekea nyuma ya baiskeli.

Gololi_Moja

Nijibu la tairi maana limesumbua watu wengi. Inchi 26 siyo saizi moja. Hiyo ya mlimani rimu yake pale tairi linapokaa ina kipenyo cha milimita 559. Hizo Raleigh nyingi ni 26 x 1 3/8, kipenyo 590. Kwa hiyo yako ya mlimani haiwezi kuingia hata uvute na meno. Usisome inchi, soma ile namba yenye kistari ubavuni mwa tairi, tafuta 37-590. Ubaya uleule upo kwenye 28, kuna 622 na kuna 635, na zote zinaandikwa 28.

Kwenye vikombe vya kranki, vile vinavyokaa gololi ndani ya fremu, pia kuwa makini, Raleigh walikuwa na thredi zao wenyewe 26 kwa inchi wakati za kawaida ni 24. Kikombe kipya ukikilazimisha unaua fremu. Bakiza vikombe vyake vya zamani, safisha, weka gololi mpya za robo inchi 11 kila upande na grisi ya kutosha. Gololi ni kitu kidogo, usirudishie zilizochubuka.

Habu sasa. USIIFUNGUE. Hiyo kama ni AW, ile aina maarufu ya Sturmey-Archer ya gia 3, ilianza kutengenezwa 1936 na nyingi bado zinatembea, angalia kwenye mwili wa habu utakuta tarakimu za mwaka na mwezi ilipotengenezwa, na mara nyingi ndo umri wa baiskeli yenyewe. Kinachogandisha ni oili ya zamani iliyogeuka gundi. Kuna kifuniko kidogo cha kutilia oili, weka oili nyepesi ya mashine, izungushe, ilaze upande mmoja, kesho geuza, itatoa uchafu mweusi sana usiogope. Usishindilie grisi ndani, yale meno madogo yenye springi yanakwama halafu ndo hayashiki kabisa.

Hilo la kuzunguka hewani huenda ni waya tu. Kati ya gia 2 na 3 AW ina sehemu tupu, waya ukilegea inaangukia humo. Weka gia ya 2, chungulia kwenye kitundu cha nati ya upande wa cheni, kile kijiti cha mnyororo mdogo mwisho wake uwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Rekebisha mpaka iwe hivyo. Hili usilipuuze maana mtu akisimama juu ya pedali halafu zikaachia anaangukia bomba.

Bi_Madigadi

Naomba niseme kama mke aliyetengenezewa. Mume wangu alinifanyia sapraizi hiyohiyo. Baiskeli ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani, sikatai, na ilining'inia ukutani. Kiti chembamba kama cha watu wa mashindano, usukani uko mbali, mikono ya breki vidole vyangu havizunguki. Yeye aliiendesha akaona iko freshi. Sasa kaka, hayo malalamiko ya mkeo umeyaandika mwenyewe hapo juu na ndiyo yanayokwambia utengeneze nini, maana vidole vinakufa ganzi kwa sababu uzito wote umeegemea mikono, akikaa wima zaidi vitapona. Pandisha usukani ufike usawa wa kiti au zaidi, tafuta ule unaorudi nyuma kumfuata mtu.

Kiti akalie mwenyewe. Mwambie akae juu ya kipande cha boksi lile la mikunjo kwenye kiti kigumu, ainue magoti kidogo, mifupa miwili ya makalio itaacha mabonde. Pima katikati hadi katikati, kiti kiwe kipana kuzidi hapo. Urefu wa kiti, akiweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini mguu unyooke, kisha akiendesha kwa mbele ya wayo goti litakunjika kidogo lenyewe. Hayo yote huwezi kuyapima kwa siri akiwa amelala kaka yangu. Mwambie.

Chuma_Mzee

😂 dada umenimaliza, na kile cha boksi sikuwahi kukisikia. Sumaku inashika, kumbe ni chuma kwa chuma, nimeshamwagia oili. Na kweli ubavuni ni 37-590. Ila wakuu rimu zake ni zile za chuma za kung'aa, zimeshika kutu kidogo tu, nazisafisha au nabadili?

Keria_Nzito

Zisafishe zibaki, ndo sura ya baiskeli yenyewe hiyo. Kutu ya juujuu kwenye kromu chukua karatasi ya foili, lowesha na maji na siki kidogo, sugua, inatoka yote. Ukianza kubadili rimu, sijui breki, sijui kiti, mwisho utabaki na stika tu.

Spana15

Keria kwenye foili nakuunga mkono, kwenye rimu hapana. Rimu ya chuma ikilowa mpira wa breki unateleza tu, unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli inaenda. Kama ya kutundika ukutani sawa. Hii mtu wake ataiendesha mvua na jua. Rimu za alumini za 590 zipo, idadi ya matundu ya spoki hesabu kwanza maana za zamani za Kiingereza mara nyingi ni 32 mbele na 40 nyuma. Asipoweza zote abadili ya mbele kwanza, breki ya mbele ndo inayosimamisha. Waya zote za breki mpya, hilo halina mjadala, na atafute mikono ya breki yenye skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani.

Keria_Nzito

Ya mbele sawa nimekubali. Ya nyuma iachwe jamani.

Baba_Pacha

Nachomekea swali wakuu, mimi nawatengenezea watoto mbili ndogo za tairi 16, nawaza niweke 20 moja kwa moja ili wasizizidi haraka?

Bi_Madigadi

Usimpe mtoto baiskeli ya kuja kumtosha. Ataiogopa hiyo. Akae kwenye kiti wayo zote ziguse chini, ng'oa pedali kabisa asukume kwa miguu mpaka azoee kujibalansi, halafu ndo urudishe. Magurudumu ya pembeni hayamfundishi balansi.

Gololi_Moja

Na ukinunua pedali mpya pima kwanza, kranki za kipande kimoja za watoto zinatumia thredi ya nusu inchi, za wakubwa ni 9/16.

Chuma, kitu kimoja kabla sijasahau. Hizo za zamani zimewekewa gia nzito. Gia ya 2 ya AW ni moja kwa moja, ya 1 inapunguza robo tu, kwenye mlima haitoshi. Angalia sproketi ndogo ya nyuma, ile ya meno inayoshika cheni, kama imeshikwa na pete ya springi unaitoa na bisibisi, kama ni ya meno 18 weka ya 22 na ongeza cheni. Ataipenda zaidi ya rangi yoyote.

Chuma_Mzee

Mrejesho. Nguzo imetoka! Nilizungusha fremu kama mlivyosema, ilipiga kelele ya ajabu nikadhani nimeichana, kumbe kutu. Na nimemwambia. Kaitazama muda mrefu, akasema nisiguse rangi, anaipenda ile kijani iliyofifia na anataka keria ya nyuma ya kubeba mzigo na kengele. Kwa hiyo nyekundu imekufa.

Imebaki kranki, zimeshikwa na zile pini za kabari, nimegonga moja nati ikaanza kupinda nikaacha.

Spana15

Kijani libaki, afadhali, rangi za umri huo zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, kama kuna sehemu lazima upige msasa piga ukiwa umelowesha na uvae barakoa, vumbi lisifike kwa watoto.

Pini: usigonge hewani. Nguvu yote inaishia kwenye gololi. Chukua bomba la chuma, lisimamishe sakafuni likishikilia kranki kwa chini, kichwa cha pini kiingie kwenye tundu la bomba. Nati iache imefungwa usawa wa ncha ya pini ilinde thredi. Halafu pigo moja zito, siyo mengi madogo. Wakati wa kurudisha weka mpya, na ubapa wa pini ya kushoto na ya kulia vielekee kinyume, zikielekea upande mmoja kranki hazitakaa mstari mmoja na mkeo atakanyaga kama anachechemea.