Simu imenasa kwenye hali salama, kila nikiiwasha inarudi palepale. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi

MamaChapati_SouthB · Jumatano, saa 2:10 usiku

Habari zenu wadau. Natumia simu ya binti yangu kwa sababu yangu imenishinda. Tangu jana asubuhi, kwenye kona ya chini kushoto ya skrini kuna maandishi ya "Safe mode" ambayo hayabanduki. Simu inawaka, inapiga, SMS zinaingia. Lakini WhatsApp imepauka kama leso iliyosahauliwa juani, nikiigusa haifunguki. Apu zote nilizopakua mwenyewe ziko hivyo hivyo, na ile saa kubwa niliyokuwa nimeiweka kwenye skrini ya kwanza imepotea.

Mimi hupika chapati hapa South B. Wateja wangu wengi ni vijana wa gereji na magodauni ya Enterprise Road, na huagiza kwa WhatsApp kabla ya saa nne asubuhi. Leo nimepika kwa kukisia, nikarudi nyumbani na chapati 30 na ndengu nusu sufuria. Hilo nitalimeza. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, tuko akina mama 14, na michango yote tangu Januari nimeiandika kwenye apu ya daftari ndani ya simu hii hii. Sikuandika mahali pengine. Tunakutana Jumamosi saa nane na kuna mama anayengojea zamu yake.

Nimeizima na kuiwasha zaidi ya mara kumi. Nimetoa laini nikairudisha. Betri haitoki, ni zile zilizofungiwa ndani. Fundi mmoja mjini aliiangalia dakika mbili akasema lazima iflashiwe, shilingi 1,500, na kila kitu kitafutika. Nilimwambia hapana, nikaichukua nikaondoka. Nifanye nini?

BodaWaDonholm · saa 2:24 usiku

Pole mama. Mimi yangu ilifanya hivyo mwaka jana. Mtoto alikuwa ameshikilia kitufe cha kuwasha, halafu akaweka kidole kwenye neno la kuzima bila kukitoa, simu ikauliza kama aingie hali salama, naye akakubali. Niliizima na kuiwasha mara moja tu ikapona. Yako ni kiboko kama mara kumi haijasikia.

Mdau_Kasarani · saa 2:31 usiku

Irudishe ilivyotoka kiwandani. Dakika kumi umemaliza, huhitaji fundi wala shilingi 1,500.

KijanaWaLuthuli · saa 2:52 usiku

Mama, tafadhali usiirudishe kiwandani. Usiguse hata hiyo sehemu ya mipangilio. Nimekaa kwenye benchi la kutengeneza simu Luthuli Avenue miaka minane na nimeona watu wakilia kwa sababu ya huo ushauri.

Kwanza tulia. Daftari la chama lako liko salama. Hali salama haifuti kitu. Kazi yake ni kuiwasha simu na zile apu ilizokuja nazo pekee, na kuzizuia zote ulizoziongeza wewe zisiamke, ili mtu aweze kujua kama kuna apu mbaya inayoisumbua. Ndiyo maana unaweza kupiga na kupokea SMS lakini WhatsApp imelala. Michango yako iko pale ilipokuwa Jumatatu, ila mlango umefungwa kwa muda. Ukiirudisha simu kiwandani hapo ndipo utakuwa umeteketeza daftari kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa kuna jambo la kuangalia. Simu inayoingia hali salama kwa bahati mbaya hutoka ukiizima na kuiwasha, kama ya huyu ndugu wa boda. Kama ni Samsung, hata kuvuta pazia la arifa na kugusa ile arifa ya hali salama hutosha. Inayorudi kila mara kuna kitu kinairudisha. Naomba unijibu maswali matatu. Simu ina kava? Mtu akikupigia, inalia kawaida mpaka mwisho? Na kitufe cha kupunguza sauti, ukikibonyeza kinarudi juu na kale kamlio kake, ama kimelala tu?

MamaChapati_SouthB · saa 3:05 usiku

Asante sana kijana wangu, hapo kwa daftari nimeshusha pumzi.

Kava ninayo, ya mpira, miaka miwili sasa. Huwa naweka simu kwenye rafu karibu na jiko ili nione maagizo nikisukuma chapati.

Hilo swali la kulia limenishtua. Ni kama wiki moja na nusu wateja wananilaumu kwamba sishiki simu. Kumbe inaanza kulia, inakata hapo hapo, inanyamaza. Na nikiongea na mtu sauti yake inafifia mpaka naongeza, halafu inafifia tena. Nilidhani ni mtandao. Nimekwenda sasa hivi kubonyeza hicho kitufe: cha kuongeza kinalia "tik", cha kupunguza hakisemi kitu. Ni kama kimezama.

KijanaWaLuthuli · saa 3:20 usiku

Basi tumempata.

Android inapoamka, kabla hata haijakuonyesha picha yako ya skrini, huangalia kama kitufe cha kupunguza sauti kimebonyezwa. Kikiwa kimebonyezwa inaelewa kwamba mwenye simu ameomba hali salama. Yako kimenasa chini, kwa hiyo kila ukiiwasha simu inasikia ombi lile lile na inakutii. Ungeizima na kuiwasha mara mia ingekutii mara mia. Na kitufe hicho hicho ndicho kinachozima mlio mtu anapokupigia, kwa sababu simu ikilia kitufe cha sauti huinyamazisha. Ndicho pia kinachoshusha sauti ya anayeongea. Mtandao hauna hatia hapa.

Kwa kazi yako najua kilichoingia. Unga laini ukikutana na mafuta ya kupikia na joto la jiko hufanya gundi. Nimetoa unga kwenye simu za wapishi wa hoteli mpaka nikashangaa.

Toa kava. Zima simu kabisa. Tafuta mswaki mkavu wenye nywele laini, mpya kama unao, usugue kandokando ya kitufe polepole, juu na chini, simu ikiwa imeinamia upande wa kitufe ili uchafu uanguke nje. Kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kidogo kwenye alkoholi ya aisopropili kutoka kwa mwenye kemisti, ukikamue kisiwe kinatiririka, upitishe pale kwenye ufa. Bonyeza kitufe mara 20 au 30 hivi, tena na tena, simu ikiwa imezimwa. Iache robo saa ikauke. Usitumie maji, mafuta ya taa wala mafuta ya cherehani. Usichokoe kwa sindano, kwa ndani kuna kiutepe chembamba sana na ukikitoboa itabidi ukibadilishe. Hata kupuliza kwa mdomo siyo vizuri, unapeleka mate ndani.

Ukisikia "tik", iwashe BILA kava.

Na mtu asikwambie uishike vitufe viwili kwa pamoja ili uianzishe kwa nguvu. Simu kadhaa, Samsung zikiwemo, huanzishwa hivyo kwa kushika cha kuwasha na cha kupunguza sauti zaidi ya sekunde saba. Usipoachia nembo inapotokea, umejirudisha hali salama mwenyewe.

BodaWaDonholm · saa 3:31 usiku

Swali kidogo fundi. Mbona watu wengi husema ni virusi?

KijanaWaLuthuli · saa 3:40 usiku

Wakati mwingine apu mbovu huhusika, hasa zile watu wanazopakua nje ya Play Store. Kama kitufe cha mama kingekuwa kizima ningemwambia aingie kwenye mipangilio, aangalie apu alizoweka siku chache kabla ya tatizo, aziondoe moja moja akianza na ya mwisho. Uzuri wa hali salama ni kwamba apu hiyo imelala, haiwezi kukupinga ukiitoa. Ikiwa sehemu ya kuiondoa imefifia na haibonyezeki, ujue ulishaipa madaraka ya kusimamia kifaa. Unayavua kwanza kwenye mipangilio ya usalama, halafu unaitoa.

Lakini mimi huanza na kitufe na kava. Ni bure kuangalia.

MwalimuWaUmoja · saa 4:02 usiku

Mama, wakati unashughulikia hilo, kesho usipoteze tena siku ya kazi. Ukiwa ndani ya hali salama apu ya M-PESA haitafunguka, ila piga *334# utapata menyu yote, na ujumbe wa malipo utaendelea kuingia kama kawaida. Ukiona mtandao haupo, hakikisha hali ya ndege haijawaka, baadhi ya simu huiwasha zenyewe zikiingia hali salama. Ama hamishia laini kwenye mulika mwizi kama kuna moja nyumbani, watu wakupate kwa kupiga.

Ujumbe wa WhatsApp ambao haujakufikia hautapotea leo wala kesho. WhatsApp huuweka siku 30 ukingoja simu yako irudi.

Halafu nataka kuongezea kwa huyu wa Kasarani, siyo kwa ubaya. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa kutumia vitufe bila kupitia mipangilio, huomba akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kufutwa. Dada yangu alifutiwa simu hivyo, na Gmail yake alikuwa amefunguliwa na kijana wa saiba ambaye nenosiri alibaki nalo mwenyewe. Simu ilikaa kabatini miezi mitano kama jiwe. Kwa hiyo mama, hata ukipona, ujue Gmail yako na nenosiri lake, uyaandike.

Mdau_Kasarani · saa 4:15 usiku

Nimeelewa Mwalimu. Mama naomba radhi, niliruka kule kwa daftari nikasoma mwisho tu. Usifute chochote.

MamaChapati_SouthB · saa 4:21 usiku

Usijali mwanangu. Mulika mwizi ya marehemu babu yao ipo, naichaji. Kemisti amefunga, naanza na mswaki.

MamaChapati_SouthB · Alhamisi, saa 11:40 alfajiri

Jameni. Mswaki ulitoa unga mweupe, halafu ukatoa kitu cha kahawia kama masizi ya kikaango. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. "Tik" ikaja, dhaifu. Nikaiwasha bila kava, na yale maandishi hayapo! WhatsApp imefunguka, daftari limefunguka, majina yote 14 na kila shilingi.

Nilifurahi nikairudishia kava, na kabla ya kulala nikaizima na kuiwasha tena ili nihakikishe. Imerudi hali salama. Nimeamka sasa hivi kukanda unga na sijui kama ni kitufe ama ni nini tena. Moyo unanidunda.

KijanaWaLuthuli · saa 12:05 asubuhi

Usiogope, umejijibu. Toa kava, zima, washa. Ikitoka, tatizo lililobaki ni kava. Mpira uliokaa miaka miwili karibu na jiko hujikunja na kuwa mgumu, na ule uvimbe wa kava unaokaa juu ya kitufe unakikandamiza muda wote. Ulaze mezani uuangalie kwa upande, utaona haujanyooka.

Kitufe nacho bado hakijasafika vizuri ndiyo maana "tik" ni dhaifu. Leo pata ile alkoholi urudie. Baada ya hapo kikianza kuzama tena, tafuta fundi akubadilishie kile kiutepe cha vitufe vya pembeni. Ni kazi ya kufungua simu na kuifunga, haigusi apu wala picha zako. Akikwambia ni lazima afute simu ili abadilishe kitufe, mwachie asante uende kwa mwingine.

MwalimuWaUmoja · saa 12:30 asubuhi

Na ukiwa nje ya hali salama, kabla hujafanya jambo lingine lolote, nakili hiyo michango kwenye kitabu cha mistari. Kwa kalamu. Kisha uingie mipangilio ya WhatsApp uweke nakala kwenye Google.

MamaChapati_SouthB · saa 3:50 usiku

Wadau, imetoka na imekaa. Nimeizima na kuiwasha mara nne leo kwa makusudi, hakuna maandishi. Kava niliilaza mezani kama alivyosema kijana, upande mmoja umeinuka kama ukingo wa chapati iliyoungua. Nimeitupa. Alkoholi nimeipata kwa kemisti wa hapa hapa South B, na kitufe sasa kinalia kama kile cha juu.

Mchana simu ililia mpaka mwisho, mara ya kwanza baada ya wiki moja na nusu. Alikuwa mteja wa gereji anauliza kama nimehama.

Binti yangu ameninakilia michango yote kwenye kitabu, kurasa tatu, mimi nikimsomea. Tulipojumlisha tukakuta nilikuwa nimemwandikia mama mmoja mara mbili mwezi wa tatu. Nimempigia kumweleza kabla hatujakutana.

Gmail pia nimeishughulikia, nenosiri limo kwenye kitabu kingine. KijanaWaLuthuli, uko upande gani wa Luthuli? Nikija mjini wiki ijayo nitakuletea chapati.

KijanaWaLuthuli · saa 4:10 usiku

Nitakutumia ujumbe wa faragha mama. Simu iwe mbali na jiko, hata hatua tatu zinatosha.