Wametunyang'anya namba nne mchana kweupe! Hao jamaa mnawajua, sitawataja

Mleta uzi: GarnetWaTanga (Tallahassee), 3 Desemba 2023

Wakuu, leo sina salamu. Hao jamaa wametangaza timu nne za vyuo zitakazogombea ubingwa wa taifa wa mpira wa Marekani.

Saa sita mchana, sebule imejaa, sinia la pilau liko mkekani, watu wazima 11 tumebanana mbele ya TV kama tunasubiri mwezi wa Idi uandame. Namba nne ikafunuka. Alabama.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nimeshasimama, wakuu! Mkono juu, kijiko mkononi, mdomo umefunguka tayari kwa kelele, kelele isitoke. Kamera ikawamulika vijana wetu wa Florida State, wamekaa kama watu walioletewa habari ya msiba. Sebuleni hakuna aliyenitazama usoni.

Michezo 13, ushindi 13. LSU, chuo cha Louisiana, tulimpiga 45–24 Orlando. Clemson tulimfuata kwake, 31–24 muda wa nyongeza. Florida kwake Gainesville, 24–15, na Jordan Travis, kotabeki wetu, yule mrusha mpira, tayari amevunjika. Jana usiku Charlotte, Louisville 16–6, kotabeki ni wa tatu, mtoto wa mwaka wa kwanza, maana hata wa pili alikuwa ameumia kichwa. Ukuta wetu ulisimama usiku kucha. Tumechukua ubingwa wa ligi yetu, ACC. Mnataka tushinde nini tena, tushinde na mvua?

Na huyo aliyepewa nafasi yetu alifungwa kwake Tuscaloosa na Texas, 34–24, watu wameona. Juzi tu kule Auburn roho yake iliokolewa na mpira mmoja, jaribio la nne, la mwisho, na yadi 31 za kufika golini. Yadi thelathini na moja!

Kisa eti mguu. Kijana kavunjika mguu 18 Novemba, jamaa wakajifungia hotelini Texas na makabrasha yao wakaupigia kura mguu. Timu hawakuiona, waliona mguu. Leo Jordan mwenyewe kaandika kwamba anatamani angevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu si yeye peke yake. Mtoto wa watu anatamani angevunjika mapema! Nimesoma hayo nikatoka nje nikakaa kwenye gari.

Hawa jamaa ukiwakabidhi msiba watamzika jirani, waseme marehemu havutii kwenye TV. Ukiwapa mirathi, watoto wa ndani watalala nje na mpangaji atapewa nyumba.

Hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyemaliza bila kufungwa akawahi kuachwa nje tangu mtindo huu wa timu nne uanze. Sisi ndio wa kwanza. Na mwakani wanapanua ziwe 12! Mwaka mmoja tu, wangetuvumilia mwaka mmoja.

Nilikuwa nimesimama.

#2 MpembaWaOrlando

Mleta uzi, pole sana. Mke wangu huu mpira hata sheria zake hazijui, kaniuliza, "Kwani hawa walifungwa na nani?" Nikasema hawajafungwa. "Sasa wametolewaje?" Nikakosa jibu. Hao jamaa walishaitandika mbeleko siku nyingi, walikuwa wanatafuta mtoto wa kumbeba tu.

#3 KijanaWaTandika

Huku Dar ni usiku na ninasoma huu uzi kwa sauti kwenye kijiwe. Samahani mkuu, huu ndio ule mpira wa yai unaoshikwa kwa mikono? Mtu mzima umesimama na kijiko kwa ajili ya wanafunzi wa chuo? Ada unawalipia wewe?

#4 GarnetWaTanga

@KijanaWaTandika uwanja wetu unaingiza watu zaidi ya 79,000, Mkapa yenu inaingiza 60,000. Wanafunzi wa chuo hao. Usiingie msibani na viatu.

#5 MchagaWaBirmingham

Kaka, kunywa maji. Jana tumempiga Georgia 27–24, na Georgia alikuwa ameshinda michezo 29 mfululizo. Nyinyi mwezi uliopita mlikuwa mnacheza na North Alabama, timu ya daraja la chini. Halafu kanuni zao ziko wazi, wanaruhusiwa kuangalia mchezaji muhimu asiyekuwepo. Soma kanuni ndio ulie.

#6 GarnetWaTanga

@MchagaWaBirmingham tarehe hiyo hiyo 18 Novemba nyinyi mlicheza na nani? Taja. Nakusaidia: Chattanooga, daraja la chini pia, 66–10. Hiyo ndiyo ratiba ngumu mnayotutambia? Na mchezaji asiyekuwepo tumeshinda bila yeye, Gainesville na Charlotte. Kanuni gani inamzika mtu anayetembea? Nilikuwa NIMESIMAMA, wewe!

#7 MzeeWaMissouri

Wanangu, mnalilia namba nne, sisi tuliuawa na jaribio la tano. 6 Oktoba 1990, hapa Columbia, nikiwa mwanafunzi, nipo jukwaani. Sheria inampa mtu majaribio manne. Colorado wako mlangoni, kile kibao cha pembeni cha kuhesabia majaribio kikasahaulika kubadilishwa, marefa wote wale hakuna hata mmoja aliyehesabu mpaka nne. Wakacheza la tano, wakafunga, 33–31. Tulikuwa tunaonyesha vidole jukwaa zima, vinne, vinne! Na matokeo hayakufutwa. Mwisho wa msimu Colorado wakagawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech. Miaka 33 bado nahesabu vidole.

#8 MpembaWaOrlando

@MzeeWaMissouri shikamoo mzee. Hiyo sasa ni dhuluma.

#9 DadaWaPullman

Nyinyi wote mna ligi za kulalamikia. Kwenye ligi yetu Washington State tumebaki sisi na Oregon State tu, wengine wote kumi wamefungasha wakafuata pesa za TV. UCLA mwakani anatoka California anapanda ndege mpaka New Jersey kucheza na Rutgers, mechi ya ligi! Watoto wana mitihani. Nani kapanga ratiba hiyo, rubani?

#10 KijanaWaTandika

Kumbe na huko kuna mbeleko na ratiba za ajabu? Basi rudini nyumbani, tofauti hakuna. Hapa mtu akiwa kwenye mashindano ya Afrika ya CAF mechi zake za ligi zinaahirishwa, anarundika viporo, halafu anakuja kuvila wenzake wameshamaliza kucheza na hesabu anazijua zote. Wananchi, Yanga, jana tumebanana na Al Ahly 1–1 kwa Mkapa, lakini ratiba ya ligi inatutesa sisi.

#11 MnyamaWaMagomeni

@KijanaWaTandika viporo mnavila nyinyi, kilio mnalia nyinyi? Nani asiyejua msimu huu nani anabebwa?

#12 KijanaWaTandika

Yanga 5, Simba yenu 1. Tarehe 5 Novemba. Naacha hapa.

#13 MnyamaWaMagomeni

Usiache hapo. Tuzungumzie marefa mkoani, mechi ambazo kamera hazipo. Tuzungumzie na kiporo, kwa nini chako kinapangwa siku uliyopumzika na changu siku mbili baada ya kushuka kwenye ndege.

#14 GarnetWaTanga

Wakuu, huu uzi ni wa namba nne.

#15 KijanaWaTandika

Subiri kidogo mkuu. @MnyamaWaMagomeni ndege gani, nyinyi si mlikuwa hapo Botswana tu?

#16 MnyamaWaMagomeni

"Hapo tu"? Panda basi wewe uende, tukuone.

#17 MchagaWaBirmingham, 30 Desemba 2023

Nafufua uzi. Orange Bowl, mechi yenu ya kufunga msimu: Georgia 63, Florida State 3. Mleta uzi, bado umesimama?

#18 GarnetWaTanga

Waliocheza leo si wale wa 13–0 na unajua. Wengi walijitoa, na walijitoa kwa sababu ya siku ile. Uliyemvunja moyo usimcheke akishindwa kula.

#19 MnyamaWaMagomeni

Jamani, namba nne ipi tena? Huku tumeshahamia kwenye viporo. Anzeni kusoma #10.